Baba Alipofuma Barazani

Baba aliporudi kutoka vitani nilikutana naye njiani nisimjue. Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, naye alikuwa amesimama kando ya barabara ya Changamwe, pale magari ya mizigo yanapopunguza mwendo kupanda kilima. Alivaa koti zito la kijeshi katika jua kali la mchana, na miguuni pake palikuwa na mfuko wa turubai. Nikamwamkia shikamoo, kama nilivyofunzwa kumwamkia mtu mzima yeyote. Akaitikia, kisha akaniuliza nyumba ya mama yake, akimtaja kwa jina. Nikamwambia huyo ni nyanya yangu, anifuate. Akanifuata mpaka uani.

Nyanya alikuwa ameketi kizingitini anasuka ukili wa mkeka. Aliinua uso, na ukili ukamtoka mkononi. Hapo ndipo nilipojua yule mtu ni nani.

Alikuwa ameondoka nikiwa sijaanza kutembea vizuri. Baba niliyemjua mimi alikuwa wa kusimuliwa. Mama alikuwa akiniambia kwamba watu wetu walishuka kutoka vilima vya Rabai, na kwamba baba aliletwa Changamwe na kazi yake, kwa sababu nyumba mpya zilikuwa zikijengwa kila siku nazo zilihitaji kuezekwa. Alisuka makuti na kuyapandisha mwenyewe juu ya paa. Mama alisema aliweza kukaa juu ya boriti kutwa nzima, akiimba nyimbo za kanisani, mpaka watu wa chini wakamwomba ashuke ale. Kisha vita vikamchukua. Kwanza alipelekwa Uhabeshi kuchukua mizigo ya jeshi, halafu akavushwa bahari mpaka Bama, ng'ambo ya Bara Hindi. Salamu zake zilikuja mara chache kupitia kwa mwalimu wa kanisa, halafu zikakatika. Mama hakukaa matanga, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mumewe amekufa. Aliendelea kulima mihogo na mbaazi, jioni akisuka mikeka na nyanya, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba baba watoto atarudi. Mtoto alikuwa mmoja tu, mimi, lakini ndivyo alivyosema.

Basi akarudi, na siku za kwanza nyumba ilijaa watu. Walichinja kuku, wakaomba, wakamtaka asimulie. Baba aliwatazama kwa upole na kusema kwamba kulikuwa na mvua nyingi huko. Wageni walipokwisha kuondoka tukaanza kumwona alivyokuwa. Mkono wake wa kulia haukupanda kupita bega, kwa hiyo kuezeka hakungewezekana tena. Na mikono yote miwili ilikuwa ikitetemeka. Akishika kikombe, chai ilimwagika mapajani. Mama alijifunza haraka kumtilia nusu kikombe, akamwongeza nusu nyingine baadaye, kana kwamba ndiyo desturi ya nyumba yetu.

Asubuhi moja baba akatoa kiti chake barazani, akafungua ule mfuko wa turubai, akatoa vyuma viwili vyembamba. Zilikuwa sindano za kufumia zilizotengenezwa kwa spoki za baiskeli, zimenolewa upande mmoja na upande wa pili zimechomekwa vipande vya mti ili uzi usichomoke. Akatoa na soksi kuukuu ya jeshi, akaifumua uzi wake, akaanza kufuma. Nilisimama mbele yake nikitazama. Mikono ile iliyoshindwa na kikombe ilikuwa imetulia kabisa. Chuma kiliingia, uzi ukazungushwa, kitanzi kikatoka, na kingine, na kingine, kwa mwendo mmoja.

Kufuma hakukuwa jambo geni Changamwe. Wanawake wa misheni walifunzwa na mabibi wa Kizungu, na wengine walifuma vikofia vya watoto wao wa kubatizwa. Lakini mwanamume aliyefuma hatukuwa tumepata kumwona, tena mwanamume aliyetoka vitani. Baraza yetu ilitazama njia iendayo sokoni, na njia hiyohiyo ndiyo iliyoelekea mangweni, walikokunywa tembo. Waliopita asubuhi walitazama tu. Waliorudi jioni walikuwa wamechangamka, wakasimama, wakamuuliza kama amejifunza na kupika. Wakampachika jina la kike ambalo sitalirudia hapa. Baba aliwaitikia salamu zao akaendelea na kazi. Nadhani hakuwasikia vizuri, au aliwasikia kutoka mbali sana.

Mama ndiye aliyesikia. Alikuwa akirudi sokoni na kapu lake tupu, akapita katikati ya wale wanaume bila kugeuza shingo. Aliingia ndani, akatua kapu, akatoka tena barazani na kuchuchumaa mbele ya mumewe.

"Nimekungoja miaka yote hii nikiwaambia watu utarudi," alimwambia. "Umerudi, nashukuru. Lakini sitaweza kusimama nikiwaona wanakucheka. Nakuomba ufume ndani."

Baba aliviweka vyuma mapajani. Kisha akakusanya uzi wake, akabeba kiti kwa ule mkono mzima, akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo alifumia ndani, mlango umerudishwa. Chumba kile kilikuwa na kidirisha kidogo cha kupitisha mkono, na wakati wa joto kilikuwa kama tanuri. Nilikuwa naingia kumshikia uzi. Alipofumua kitu kikuukuu alikuwa akiuosha uzi na kuuanika ili unyooke, halafu aliuzungusha kwenye viganja vyangu viwili nilivyovisimamisha mbele yake, naye akauvuta taratibu na kuukunja donge. Jasho lilimtoka kidevuni likidondokea sufu. Siku moja nilimuuliza kwa nini mikono yake hutetemeka akishika kikombe na haitetemeki akifuma. Akafikiri, kisha akasema, "Sijui, mama. Hata daktari hakujua." Aliniita mama, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao.

Nyanya hakusema kitu juu ya mlango ule uliorudishwa. Alichofanya ni kuhamisha mkeka wake. Zamani alikuwa akisukia kizingitini palipokuwa na upepo. Sasa akawa anakaa nje ya ukuta wa chumba cha baba, mgongo wake umeegemea udongo, upande wa pili wa pale alipokaa mwanawe. Alisuka huko akizungumza kwa sauti ya kawaida juu ya mbuzi wa jirani, juu ya nani kaoa huko Rabai, juu ya mvua. Mtu aliyepita angedhani bibi kizee yule amerukwa na akili, anasema peke yake. Mara mojamoja sauti ya baba ilijibu kupitia ukutani.

Mambo yakakaa hivyo kwa muda mrefu. Mama hakuwa mkali kwake. Alimpikia anachopenda, alimfulia, alimkata nywele. Lakini alipoingia chumbani na kumkuta anafuma, alichukua alichofuata akatoka, macho yake yakiwa chini. Nilikuwa mtoto, na nilichoona ni kwamba wazazi wangu walikuwa wakizungukana kama wageni wawili waliopangishwa chumba kimoja.

Jumapili moja alasiri akaja mtu. Alikuwa mrefu, mweusi tititi, kofia ya jeshi kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kifupikifupi. Alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Kilindini, na alikuwa amesikia kwamba mwenzake wa vitani anakaa Changamwe. Hakujua nyumba. Alipouliza pale mangweni kuhusu mwanajeshi mmoja aliyerudi na mkono mbovu, hawakumjua. Alipoongeza kwamba mtu huyo hufuma, wote walicheka na mmoja akainuka kumleta mpaka mlangoni petu.

Baba alitoka chumbani na uzi ukimning'inia begani. Walipoonana hawakupiga kelele wala kukumbatiana. Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakaketi barazani kando kwa kando. Baada ya kunywa maji, yule mgeni akaingiza mkono katika mfuko wa koti lake, akatoa sindano zake na kipande cha sufu ya kijivu kilichofumwa nusu. Baba akaenda kuchukua zake. Wakafuma wote wawili, hapo nje, mbele ya njia. Walisemezana kidogo sana. Wakati mwingine mmoja alimsogezea mwenzake kazi yake amwonyeshe mahali, na mwenzake akaguna. Kisha mgeni akasema jambo moja kwa sauti ya chini, na baba akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Mama, aliyekuwa jikoni akikuna nazi, alisimamisha mkono.

Wanaume walipita na kurudi. Wawili wakifuma, tena mmoja wao mwenye mabega ya mchukuzi wa bandarini, si rahisi kuchekwa kama mmoja. Hata hivyo kulikuwa na aliyesema neno. Mgeni aliinua kichwa akamtazama yule mtu mpaka akaondoka.

Mgeni alipokwenda uani kunawa mikono kabla ya kula, mama ndiye aliyemmiminia maji. Nilikuwa karibu nimeshika taulo. Mama akamuuliza, kwa sauti kama ya mtu anayeuliza habari za njia, walijifunzia wapi kazi ile.

Mgeni alijikausha mikono kwanza. Akamwambia kwamba walilala vitanda jirani katika hospitali moja huko Bara Hindi. Lori alilopanda baba na wenzake lilikuwa limeporomoka mlimani kwenye matope, na watu wengi walikuwa chini yake. Baba alitolewa akiwa hai baada ya siku nzima kupita, akiwa amelala katikati ya wenzake waliokwisha kufa. Hakusema tena. Madaktari walidhani ulimi umekufa. Mikono nayo ilitetemeka mpaka akalishwa na wengine. Kulikuwa na muuguzi wa Kizungu aliyewapitia na kapu la nyuzi, akiwaambia majeruhi wafume ili vidole vyao virudi. Wote walikataa, walisema ni kazi ya wanawake. Baba peke yake ndiye aliyenyoosha mkono akachukua.

"Sisi tulimcheka," mgeni alisema. "Mimi nilikuwa wa kwanza. Akafuma siku nyingi bila kutoa sauti. Halafu asubuhi moja akamgeukia yule muuguzi na kusema, 'Uzi umekwisha.' Shemeji, hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia mumeo akisema. Siku hiyo na mimi niliomba sindano."

Mama alichukua taulo mkononi mwangu akalianika kwenye kamba, ingawa lilikuwa limelowa kidogo tu. Kisha akaenda kupakua chakula.

Mgeni alipoondoka, mama aliingia chumbani, akatoka na kiti cha baba na kukiweka barazani, mahali pake pa zamani. Alikiweka sawasawa, akakifuta vumbi kwa ncha ya leso yake. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Kesho yake alipokaa pale kufuma, mama alileta mchele wake wa kupeta akakaa karibu naye. Wale wa mangweni walipopita, aliwawahi yeye kwa salamu, mmoja mmoja kwa jina lake na jina la baba yake, na kuwauliza hali za wake zao, mpaka wakaona haya. Polepole wakazoea. Watu huzoea chochote ukiwapa muda.

Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka kuwa ya furaha nyumbani kwetu. Mama alishika mimba. Mgeni yule, ambaye sasa nilimwita ami, alikuja karibu kila Jumapili, na mara moja alileta donge kubwa la sufu nyeupe alilopata kwa baharia wa meli fulani. Haikuwa sufu ya kufumuliwa. Ilikuwa mpya, laini, haijapata kuguswa. Baba aliishika kwa muda mrefu kabla ya kuianza. Alisema atamfumia mtoto shali.

Nyanya alikataa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililomsikia akimpinga mwanawe. Alisema mtoto hatayarishiwi kitu kabla hajaonekana, kwamba kwao hata kitambaa cha kumfungia hakikatwi mapema, maana ni kumwita mtu ambaye hujui kama anakuja. Baba alimsikiliza kwa heshima, akamwambia kwamba yeye ameona watu wengi wakifa bila kutayarishiwa chochote. Akafuma. Aliifuma shali ile kwa matundu madogo yenye umbo la majani, na nilikuwa nikimwona akifumua mstari mzima kwa ajili ya kosa ambalo mimi sikuliona.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, katikati ya mvua za masika. Alikuwa msichana. Mkunga alimtoa chumbani akiwa ndani ya shali, na ndani ya shali ile alikuwa kama amepotea. Uso wake ulitosha kiganjani mwa baba. Mkunga alisema atunzwe asipate baridi, basi baba alimtua mama mzigo ule. Alikaa na mtoto kifuani, ndani ya shati lake, shali juu yake, asubuhi na mchana, akimtoa tu kwenda kunyonya. Kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, alikuwa akiifunga shali mgongoni kwa fundo ili mtoto asimponyoke. Nilikaa karibu nikisikiliza pumzi zake, ndogo kama za paka. Nyanya alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazizungushia vitambaa zimpashe mtoto joto. Mvua haikuacha. Makuti yalivuja upande mmoja tukahamishia kila kitu upande wa pili.

Aliishi mpaka tukaanza kuamini. Alikuwa ameanza kufungua macho na kumfuata mtu. Mwalimu wa kanisa alikuja kumbatiza nyumbani kwa sababu ya mvua. Kisha asubuhi moja, baada ya jua kutoka kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, baba alitoka barazani naye kifuani, akakaa kwenye kiti chake. Mama alimfuata baada ya muda kwenda kumnyonyesha. Nilimsikia akiita jina la baba, mara moja, taratibu. Nilipotoka, baba alikuwa bado amemkumbatia, na mama amepiga magoti akijaribu kulifungua lile fundo la mgongoni, na vidole vyake havikuweza.

Wanawake walipokuja kumwosha mtoto walileta bafta nyeupe ya sanda. Shali ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku. Baba aliomba azikwe nayo. Hakuomba kwa nguvu, alisema mara moja tu, akatazama chini. Wanawake wakatazamana. Mmoja wao, mkubwa kanisani, akasema kwamba si desturi, bafta inamtosha mtoto, na kitu kizuri kama kile kisipotezwe ardhini, kiwekwe kwa mtoto atakayefuata. Alisema kwa nia njema. Wengine wakaafiki.

Mama alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Akajiinua kwa kiwiko.

"Imefumwa na baba yake," alisema. "Atakwenda nayo."

Nyanya ndiye aliyemfunga. Alikunja ncha za shali juu ya uso mdogo ule kwa uangalifu kana kwamba anamlaza alale, yeye aliyekataa isifumwe.

Baada ya maziko baba aliacha kufuma. Sindano alizirudisha kwenye mfuko wa turubai na mfuko akaufunga kamba. Mikono yake ikawa mibaya kuliko nilivyopata kuiona. Ami alikuja Jumapili na kufuma peke yake kando yake, naye baba akamtazama tu. Hakuzungumza, na sote tulijua anachowaza. Nyanya alijua zaidi ya wote. Siku moja aliacha mkeka wake, akatembea mpaka barazani, akakaa chini miguuni kwa mwanawe kama mtoto. Nilikuwa nachambua mchicha hapo.

"Yale niliyosema," akamwambia, "nilisema kwa woga. Na mimi nilizika watoto kabla yako, na sikuwa nimewatayarishia hata kitambaa. Si shali, mwanangu."

Baba alimwekea mkono kichwani. Ulitetemeka juu ya nywele zake nyeupe. Lakini sindano hakuzitoa.

Mama alingoja mpaka kipupwe kilipoanza, upepo wa baridi ukitoka upande wa bahari. Akaenda mwenyewe kwenye mfuko, akafungua kamba, akatoa vyuma na donge la uzi wa kijivu, akavipeleka barazani. Baba alitikisa kichwa. Mama akasema hakumletea yeye. Akakaa kwenye mkeka, akavishika vyuma vile kama mtu anayeshika vijiti vya kuwashia moto, akajaribu kuzungusha uzi. Ukachomoka. Akajaribu tena. Mama aliyeweza kusuka mkeka wa rangi tatu akiwa amefumba macho alihangaika na uzi mmoja asubuhi nzima, jasho likimtoka, na wapita njia wakimwona. Mwishowe baba aliinama kutoka kitini, akamshika vidole, akavipeleka panapotakiwa.

"Usikaze," akamwambia. "Kitanzi kiache kipumue."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuzungumza tena. Sikuwasikia wakimtaja mtoto hata mara moja. Walizungumza juu ya vitanzi. Mama aliangusha, baba akaokota. Mama alifuma kitambaa kilichopinda, upana huku na wembamba kule, baba akakigeuzageuza na kusema kinafaa kufunikia mtungi, na kweli kikafunika mtungi. Baada ya muda baba alimwomba sindano amwonyeshe namna ya kupunguza vitanzi, na hakumrudishia mpaka jioni.

Baba hakudumu. Kifua chake kilikuwa kimeingia maji huko alikokuwa, na kila masika kilimbana zaidi. Alipata kazi ya ulinzi katika ghala moja, kazi ya kukaa, akawa anafuma getini, madereva wa malori wakimwagiza soksi. Mwaka wa mwisho alishindwa kutembea mpaka huko. Hospitali walimpa dawa wakamrudisha. Alilala barazani mchana kwa kuwa ndani hakupata pumzi, na mama alifuma kando yake. Siku moja aliniita, nikaitika abee, nikasogea. Akaniomba ninyooshe mikono. Nilidhani anataka nimshikie uzi. Alivishika viganja vyangu, akavitazama mbele na nyuma, akasema nimekuwa na mikono ya mama yangu. Kisha akaviachia, akageukia njia.

Alizikwa kando ya mtoto. Wale wa mangweni ndio waliochimba. Ami alifika kutoka kazini na nguo zenye vumbi la saruji, akasimama nyuma ya watu, na baada ya ibada alikaa barazani na mama mpaka giza likakaribia, kila mmoja na kazi yake mkononi. Aliendelea kuja Jumapili mpaka alipoacha kazi ya bandarini akarudi kwao bara. Mama alimfungia vitumbua vya njiani. Hatukumwona tena.

Mimi sikujifunza kufuma. Nilimwomba mama mara nyingi, naye kila mara alisema kesho, kisha akanipeleka kwa mwanamke mmoja mwenye cherehani nikajifunza kushona magauni. Nadhani kazi ile aliiona kuwa chumba cha watu wawili, na hakutaka mwingine aingie. Sikumkasirikia.

Niliwahi kumtaja mtoto mbele yake mara moja tu. Watoto walikuwa wakipita njiani kwenda shule ya misheni, na mimi, bila kufikiri, nikasema kwamba dadangu mdogo sasa angekuwa darasa moja nao. Mama alikuwa akifuma. Hakuinua macho.

"Usimpe umri," alisema. "Mimi humpa kila siku, sijafaidika."

Akamaliza mstari wake, akachoma sindano kwenye donge, akaniambia niende nikaanue mihogo iliyoanikwa, mvua inakuja upande wa Miritini.